Somo: Mtoto Anayetambaa na Hatari za Nyumbani



Kila mara munapokuja kupima watoto kilo, tunaongea juu ya chakula, chanjo na homa. Leo tutaongea juu ya mambo ambayo hayana chanjo: moto, sumu, maji na vitu vidogo vya nyumbani. Mtoto anaweza kuwa na kilo nzuri, na chanjo zote zimeandikwa kwenye kadi yake, kisha akaumia vikali kwa dakika moja tu, karibu na mbabula ya mama yake. Lakini ajali nyingi za namna hii zinaweza kuzuiwa, tena bila franga nyingi.

1. Kwa nini mtoto anaingia hatarini?

Karibu na miezi 6 mtoto anaanza kukaa na kukamata vitu. Kisha anatambaa. Karibu na mwaka 1 anasimama kwa kushika kila kitu kilicho mbele yake: kiti, kikwembe cha mama, mkono wa sufuria. Mtoto anajifunza dunia kwa mikono na kwa kinywa. Kwa hiyo kila kitu anachookota anakitia kinywani.

Wengine wanasema: "Mutoto huyu iko mukorofi, hasikie." Hapana, mama. Si ukorofi. Yeye hajui bado kama moto unaunguza, wala kama petroli si maji. Ukimpiga leo, kesho amesahau. Fimbo haiwezi kulinda mtoto wa mwaka mmoja. Sisi wakubwa ndio sherti tuondoe hatari mbele yake.

Tena usitumaini yale ya jana. Jana hakuweza kufika kwenye meza, leo anaweza. Mtoto anakua usiku tumelala.

Kazi ya kufanya leo: ukirudi nyumbani, piga magoti mlangoni, tambaa kama mtoto. Zunguka nyumba na jikoni. Tazama: ninaona nini? Mkono wangu unafika wapi? Utaona chupa chini ya kitanda, kisu kando ya jiko, uzi wa umeme, punje za mahindi kwenye mkeka. Kila kitu unachoweza kukamata hapo chini, mtoto pia atakikamata.

2. Moto na maji ya moto

Saa ya hatari ni jioni. Mama ametoka shamba au soko, amechoka. Mtoto ana njaa, analia, anamfuata mama. Bugali iko karibu, maji yanachemka. Ni wakati huo mtoto anavuta sufuria au anaanguka juu ya mbabula.

Fanya hivi:
– Weka jiko mahali pa juu kama inawezekana, au zungusha kizuizi cha matofali au miti ambacho mtoto hawezi kupita.
– Geuza mkono wa sufuria upande wa ukuta.
– Usipike ukiwa umebeba mtoto mgongoni karibu na moto, wala usinywe chai ya moto ukimpakata.
– Unapochanganya maji ya kuogesha mtoto, tia maji baridi kwanza, kisha ya moto. Jaribu kwa kiwiko chako.
– Mpe mtoto chakula kidogo mbele ya kuanza kupika: ndizi, au uji uliobaki wa asubuhi. Mtoto aliyeshiba kidogo hakimbilii sufuria.

Kama mtoto ameungua, jirani watakuja mbio. Mmoja atasema: "Leta mafuta!" Mwingine: "Leta dawa ya meno!" Mwingine: "Weka yai!" Wote wanataka kusaidia, lakini vitu hivi vinafunga joto ndani ya ngozi na kuleta uchafu kwenye kidonda. Wewe sema: "Hapana. Maji kwanza."

Mwagia mahali pameungua maji safi ya baridi ya kawaida, polepole, dakika 20. Toa nguo na shanga, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Mwili mwingine uufunike, asipate baridi. Hapana kupasua malengelenge. Kisha funika kidonda na kitambaa safi, uende hospitali. Endelea kumnyonyesha.

Sherti muganga amwone mtoto kama kidonda kinapita ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe. Kama ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri. Au kama ni mtoto mchanga. Leta kadi yake, tuangalie chanjo ya pepopunda.

3. Chupa inayodanganya

Tuseme mama mmoja amenunua petroli ya taa sokoni. Hana bidoni, anaitia katika chupa ya Fanta. Anaiweka chini, karibu na mlango. Mtoto anajua chupa ile: siku ya sikukuu alikunywa kitu kitamu ndani yake. Anaifungua, anakunywa. Je, kosa ni la mtoto? Hapana. Chupa imemdanganya.

Usitie petroli, javeli, wala dawa ya wadudu katika chupa ya kinywaji. Dawa ya panya na soda kostike ya kutengeneza sabuni vikae juu sana, ndani ya sanduku lenye kufungwa. Soda kostike inaunguza kinywa na koo la mtoto, hata kama ni kidogo.

Na vidonge pia. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mwenye mimba anapewa kliniki ni vizuri kwa mama, lakini mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua. Mtoto anafikiri ni bombo. Kwa hiyo usimwambie kamwe: "Meza, ni bombo." Mwambie: "Ni dawa, mama peke yake anatoa."

Kama mtoto amekunywa petroli au soda kostike, hapana kumtapisha. Hapana kumpa mawese ao kutia kidole kooni. Petroli ikipanda tena inaingia katika mapafu, na huko ndiko inakouwa. Soda ikipanda inaunguza koo mara ya pili. Pangusa kinywa chake, mtolee nguo zenye petroli, oga ngozi yake kwa maji na sabuni, kisha kimbia hospitali. Kama amezimia, mlaze kwa ubavu. Leta chupa au pakiti ile, tujue ni nini.

Wamama wengine wanachelewa sababu wanaogopa kugombezwa, au wanaogopa deni. Mama, usiogope. Muganga anataka kujua mambo matatu tu: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Sema kweli, kwa kuwa kweli inasaidia kuponya. Ukificha, muganga anapoteza wakati, na mtoto hana wakati.

4. Vitu vidogo vinavyoziba pumzi

Karanga, punje za mahindi, maharagi, mbegu, vifungo, franga za chuma, betri ndogo za saa: hivi vyote vinaweza kuziba pumzi ya mtoto. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima. Zisage, utie katika uji. Mtoto akule akiwa amekaa, si akikimbia wala akilala. Kama amemeza betri ndogo, umlete hospitali mara moja, hata kama anacheza vizuri, kwa sababu inaunguza ndani ya koo.

Kama kitu kimeziba na mtoto anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hawezi kulia wala kukohoa:
– Mtoto chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kidogo. Piga mara 5 katikati ya mgongo kwa kiganja. Kitu kisipotoka, mgeuze, sukuma katikati ya kifua kwa vidole viwili, mara 5. Rudia.
– Mtoto aliyepita mwaka 1: piga mgongoni mara 5. Kisha simama nyuma yake, sukuma tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu, mara 5. Rudia.
Hapana kuingiza kidole kama hauoni kitu. Utakisukuma ndani zaidi. Na mtu mwingine atafute njia ya kwenda hospitali.

5. Maji na moshi

Wanaokaa kando ya ziwa wanaogopa ziwa. Ni vizuri. Lakini mtoto mdogo anaweza kufa maji katika ndoo au beseni, kama pua na kinywa vimezama. Naye hapigi kelele. Ukimaliza kufua, mwaga maji, inamisha beseni. Funika kisima na pipa.

Katika baridi ya Bukavu, au Lubumbashi mwezi wa 6 na wa 7, wengine wanaingiza mbabula ndani na kufunga madirisha ili watoto wapate joto. Makala inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala, hawaamuki. Hapana kulala na mbabula ndani ya nyumba. Ongeza blanketi.

6. Nani analinda?

Mama hana macho mane. Lakini mtoto wa miaka 5 hawezi kulinda mdogo wake karibu na moto; yeye mwenyewe bado anahitaji kulindwa. Omba dada mkubwa, nyanya au jirani kwa saa ile moja ya kupika. Na baba pia: aweke kibao juu ukutani kwa dawa na petroli, kisha amshike mtoto jioni.

Siku hizi wengine wanampa mtoto telefone yenye hadisi na picha ili anyamaze. Telefone haiwezi kumkamata mtoto anapoanguka. Shirika la Afya Duniani lilishauri katika mwaka 2019 kwamba mtoto chini ya miaka 2 asitazame picha hizo, na wa miaka 2 mpaka 4 asipite saa moja kwa siku. Hadisi ya nyanya ni bora zaidi: mtoto anakaa juu ya mkeka, mbali na moto, anajibu, anacheka, anajifunza maneno. Na ndani ya hadisi munaweza kumfundisha: sungura aliyeona mbabula akasema "Moto! Moto!" akarudi nyuma. Mkubwa atajifunza, mdogo sherti bado umshike.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Ulipotambaa nyumbani, uliona hatari ngapi? Umeondoa zipi?
2. Mtoto ameungua na maji ya moto. Tunaweka nini kwanza, na kwa dakika ngapi?
3. Kwa nini hatumtapishi mtoto aliyekunywa petroli?
4. Jioni, wakati wa kupika, nani anamshika mtoto wako?

Wamama, fundisheni wengine ambao hawakufika leo. Mungu awalinde watoto wenu, na ninyi mutoe chupa ile chini ya kitanda.