Laptopu Inapozimika Saa Nane Mchana

Mdogo wangu wa Kawangware, yule wa upande wa Gatina, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema unaandika maneno ya sauti zilizorekodiwa kwa wateja wa mtandaoni, laptopu uliinunua ikiwa imetumika, na asubuhi inakwenda vizuri kabisa. Ikifika saa nane mchana inaanza kujikokota, herufi zinachelewa kuonekana kwenye skrini, kisha inazimika ghafla na kazi yako inapotea. Fundi amekwambia mazabodi imekwisha na anataka shilingi 8,000. Unaniuliza umlipe au la.

Usimlipe bado. Katika ujumbe wako wote, maneno yaliyonishika ni hayo ya "saa nane". Mazabodi mbovu haijui saa. Kinachojua saa ni paa la mabati. Aliyewahi kupanga chumba Kawangware, au kule Kibera kati ya Makina na Kianda, hahitaji kuelezwa: alfajiri mabati yanadondosha umande, mchana yanageuka kikaango, na kuanzia Januari hadi Machi ndani hakukaliki. Wewe unatoka ukakae nje chini ya nguo zilizoanikwa. Laptopu inabaki mezani, inavuta hewa ileile ya moto ili ijipoze nayo.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi niliipoteza yangu nikiishi Kianda. Sikuwa na meza, nikazoea kuiweka kitandani juu ya blanketi. Ilipoanza kuzimika nilidhani ni virusi. Nikafuta kila kitu na kupakia upya, mara mbili, nikapoteza picha na faili za mwaka mzima. Na muda wote huo mashine ilikuwa tayari kuniambia inaumwa wapi. Sikujua tu kuiuliza.

Kwanza uelewe inavyojilinda. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi au 105. Ikikaribia hapo haiungui. Inapunguza mwendo ili ipoe. Chukua Core i5-4300U, iliyomo katika HP EliteBook 840 G1: mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 1.9, na kazi ikiwa nzito inapanda hadi 2.9. Joto likiizidi inaweza kushuka mpaka megahezi 800. Huko ndiko kujikokota kwako. Na ikipunguza mwendo lakini joto bado linapanda, inajizima yenyewe. Mara nyingi kuzimika ghafla hakumaanishi imekufa, imejiokoa.

Sasa tuiulize. Umesema binamu yako alikuwekea Ubuntu, basi fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo apt install lm-sensors
watch -n 2 sensors

Mstari wa kwanza unahitaji bando kidogo tu. Akitokea jirani yetu wa Kibera anayesoma hapa na bando limekwisha, kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii ulioanzishwa na Tunapanda Institute, chuo kinachofundisha vijana kompyuta humohumo mtaani. Mstari wa pili utakuonyesha joto la kila kiini cha prosesa, likibadilika kila baada ya sekunde mbili. Tafuta palipoandikwa Package id 0. Hilo ndilo joto la prosesa nzima, na pembeni yake kikomo chake kimeandikwa.

Kama huna bando hata la senti, Linux, ambayo ndiyo msingi wa hiyo Ubuntu, yenyewe inaweka nambari hizo kwenye faili unazoweza kuzisoma bila kusakinisha chochote:

cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/type
cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp

Ya kwanza inataja majina ya vipimajoto, ya pili inatoa joto lake kwa mpangilio uleule. Unachokitaka kinaitwa x86_pkg_temp. Usishtuke ukiona 67000. Ni nyuzi 67, imeandikwa kwa elfu.

Lakini joto peke yake ni nusu ya habari. Fungua dirisha jingine uangalie mwendo:

watch -n 2 "grep MHz /proc/cpuinfo"

Hapa ndipo ninapotaka utulie, mdogo wangu, kwa sababu nambari hizi mbili zikisomwa pamoja zinasema mengi kuliko fundi anayetazama kwa macho. Laptopu ikiwa kazini, joto limefika 95 au zaidi na megahezi zimeporomoka, basi ni joto. Joto likiwa 55 na bado megahezi zimekwama chini huku kazi ni nzito, geukia chaja na betri. Baadhi ya laptopu hupunguza mwendo zikichomekwa chaja isiyo yake, na chaja za mitaani tunazijua. Na kama joto liko chini, megahezi ziko juu, lakini bado inajikokota, prosesa haina kosa. Andika free -h uone kama RAM imejaa, au top uone programu gani inakula kila kitu. Mara nyingi utakuta ni kivinjari chenye kurasa 30 ambazo hukuzifunga tangu Jumatatu. Ikiwa ni programu usiyoijua kabisa, na uliwahi kupewa programu za wizi kwenye flashi, iondoe leo.

Kuna faili moja ninayoipenda kuliko zote. Prosesa za Intel huhesabu ni mara ngapi zimelazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya joto tangu ulipoziwasha:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count

Ikijibu 0, joto halijakusumbua leo. Ikijibu 4,000 na kitu, una ushahidi ambao hakuna mtu wa kuubishia. Kwa hiyo chukua daftari. Andika joto, megahezi na hesabu hiyo saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa tatu usiku, ukifanya kazi ileile. Fanya siku tatu. Nina hakika kubwa kwamba mstari wa saa nane utajitenga na mingine.

Ukishathibitisha ni joto, anza na vya bure. Iinue laptopu kwa vifuniko vya chupa za soda chini ya kona zake, hewa ipite. Isogeze mbali na ukuta wa mabati unaopigwa na jua. Kama mteja hakubani, kazi nzito ifanye asubuhi na usiku.

Kisha vumbi. Vumbi letu si vumbi tu; limechanganyika na masizi ya jiko la makaa na mafuta ya kukaangia, linanata. Linajishona kati ya feni na yale mapezi membamba ya chuma mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi, na feni inapiga kelele bila kutoa upepo. Nairobi pia iko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko hewa ya Mombasa, kwa hiyo feni yetu haina nafasi ya kuzibwa hata robo. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, fungua mfuniko wa chini, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, usugue taratibu kwa brashi laini iliyo kavu. Usiende kuipulizia kwa pampu ya kujazia magurudumu. Hutema matone ya maji.

Ikiwa baada ya hapo bado inapita 95, ile pesti ya kijivu kati ya prosesa na bamba la kupoza imekauka. Kwa laptopu iliyotumika miaka mingi Ulaya kabla ya kufika huku, hilo si ajabu. Hapo ndipo umtafute fundi, na umwambie hivi: "Naomba unisafishie feni na unibadilishie pesti, hizi hapa nambari zangu." Kazi hiyo haikaribii bei ya mazabodi. Kaa hapo akiifanya. Akimaliza, iwashe mbele yake, andika nproc ikupe nambari, kisha andika yes > /dev/null & mara hizo, uiache ichemke dakika kumi huku unatazama joto na ile hesabu. Ukimaliza andika killall yes. Hesabu ikibaki 0, mlipe.

Jaribio hilohilo lifanyeni mnaonunua laptopu zilizotumika, hata zenye Windows. Nendeni dukani na flashi yenye Ubuntu, muwashe mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa kilicho ndani, na muombe dakika kumi. Muuzaji akikataa, duka la pili liko mlango unaofuata.

Wewe wa Gatina, nitumie mistari yako tisa Jumapili.