SOMO LA AFYA: DAMU HULETA HABARI ZA UTUMBO

Chakula tunachokula hupita tumboni, kisha katika utumbo mwembamba, halafu katika utumbo mpana. Saratani, ambayo wengine huiita kansa, inaweza kuota katika utumbo huo mpana. Huanza kama kinundu kidogo kisichouma.

Leo tutajifunza habari za protini moja inayowasaidia madaktari kumfuatilia mgonjwa wa saratani hiyo.

Protini hiyo ni nini?
Tunajua kwamba maharage, samaki na maziwa vina protini. Lakini mwili nao hutengeneza protini zake, za namna nyingi. Mwaka 1965, huko Montreal, nchini Kanada, wataalamu Phil Gold na Samuel Freedman walitangaza protini waliyoiona katika saratani ya utumbo mpana. Mtoto akiwa tumboni mwa mama huwa nayo nyingi. Akizaliwa, hubaki kidogo tu. Saratani ikiota, inaweza kuitengeneza tena kwa wingi, ikaingia katika damu. Madaktari huiita CEA.

Inapimwaje?
Mgonjwa hutolewa damu kwa sindano, nayo hupimwa maabara. Mtu mwenye afya kwa kawaida huwa na chini ya nanogramu 5 katika mililita 1 ya damu. Nanogramu ni ndogo mno. Gramu 1 ina nanogramu milioni elfu moja!

Tuchukue mfano
Mzee mmoja ana saratani ya utumbo mpana. Kabla ya operesheni, kipimo chake ni 40. Namba kubwa hivyo humwonya daktari kwamba huenda ugonjwa umeenea, au utarudi. Wiki 6 baada ya operesheni anapimwa tena. Sasa ni 3. Mzee anafurahi. Anakula vizuri, analima.

Daktari anamwambia: "Mzee wangu, urudi baada ya miezi 3."

Mzee anawaza: "Nauli yote hiyo ya nini? Si nimeshapona!"

Basi hapo ndipo penye hatari. Ugonjwa ukirudi, CEA inaweza kupanda kabla mgonjwa hajasikia maumivu yoyote. Namba zikienda 3, 8, 15, daktari hutafuta ugonjwa uko wapi. Mara nyingi huwa kwenye ini au mapafu. Ukionekana mapema, wagonjwa wengine hufanyiwa operesheni tena na kupona. Ukichelewa, nafasi hiyo hupotea. Ndiyo maana kipimo hurudiwa kila miezi 3 hadi 6 katika miaka ya mwanzo, na ufuatiliaji huendelea mpaka miaka 5.

Tusidanganyike
CEA si ramli. Wavuta sigara huwa nayo zaidi. Magonjwa ya ini nayo huweza kuipandisha. Tena, saratani nyingine haiitoi kabisa. Kwa hiyo namba moja peke yake haitoshi. Daktari hutazama namba zinavyokwenda, pamoja na vipimo vingine.

Na wewe usiyepimwa bado, usingoje CEA. Ukiona damu katika choo, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, nenda hospitali. Usiseme tu, "Ni bawasiri."

Maswali
1. Kwa nini yule mzee arudi kupimwa hata kama haumwi?
2. Taja mambo mawili yanayoweza kupandisha CEA bila saratani.
3. Je, nyumbani kwenu yuko aliyeambiwa arudi hospitali, naye hajarudi? Mtamsaidiaje?