Dondoo muhimu: Faranga za Ubelgiji zilizosahaulika

Umekuta noti za Ubelgiji kwenye sanduku la babu? Usizitupe. Benki Kuu ya Ubelgiji, mjini Brussels, bado inabadilisha noti nyingi zilizotolewa baada ya 1944, bila kikomo cha muda: faranga 40.3399 kwa yuro 1. Ile ya 500 yenye sura ya mchoraji Magritte ni yuro 12.39 tu; ya 10,000, yenye Mfalme Albert II na Malkia Paola, ni 247.89.

Sarafu? Umechelewa: dirisha lilifungwa mwisho wa 2004. Ila faranga 100 za 1948 hadi 1954 ni za madini ya fedha, kamuulize sonara.

Noti iliyoandikwa “Congo Belge” ni pesa nyingine kabisa. Hiyo mtafutie mkusanyaji, wala usiipige pasi kwanza.