Klorini, kostiki na asidi: namna ya kuzitunza na kuzisafirisha katika hewa ya pwani

Hewa ya Bagamoyo ina joto, unyevu na chumvi ya bahari, na vitu hivi vitatu huharibu kemikali hata kama hakuna aliyeigusa. Kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini kuna hoteli zenye mabwawa ya kuogelea, vikundi vya akina mama wanaotengeneza sabuni, mafundi betri na wauza dawa za usafi. Wote wananunua kemikali, na wengi huuziwa bila kuambiwa namna ya kuzitunza. Makala hii imeandikwa kwa ajili yao.

Viwanda vya chipu za simu na kompyuta, kama vile vya Taiwan na Korea Kusini, ni walimu wazuri wa jambo hili. Kule uchafu ndani ya asidi hupimwa kwa sehemu katika bilioni, na kwa baadhi ya kemikali katika trilioni, kwa sababu chembe ndogo ya chuma inaweza kuharibu kazi yote. Pipa huunganishwa na mfumo uliofungwa, kemikali ikachujwa na kupita kwenye mabomba ya plastiki maalumu hadi kwenye mashine bila kukutana na hewa ya chumbani. Kwa kemikali hatari bomba huwa ndani ya bomba jingine, ili likivuja la ndani, la nje lipokee. Asidi ya haidrofloriki haiwekwi kabisa kwenye glasi, kwa kuwa huila glasi yenyewe. Sisi hatuna viwanda hivyo, lakini kanuni zao zinatufaa: chombo kiendane na kilichomo, kisibadilishiwe kazi, na kifunguliwe pale tu inapobidi.

Tuanze na klorini, maana ndiyo iliyoenea zaidi. Mtambo wa Ruvu Chini, ulioko wilayani Bagamoyo, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 za maji kwa siku, na klorini ndiyo inayoua vijidudu katika maji hayo. Mtambo una wataalamu wake. Wasiwasi wangu uko kwenye ndoo za stoo ndogo. Klorini ya maji, ile tuliyoizoea kwa jina la Jik, hupungua nguvu kadiri inavyokaa, na joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya kuharibika huongezeka kama mara tatu au nne. Kwa hiyo dumu lililoachwa chini ya bati mwezi wa Januari linaweza kubaki na harufu tu, huku mwenye nalo akiamini bado anaua vijidudu. Nunua kiasi cha kutumia kwa muda mfupi, andika tarehe kwenye dumu, liweke kivulini, na usilijaze hadi mdomoni, kwa sababu klorini ikiharibika hutoa gesi inayohitaji nafasi.

Klorini ya unga, yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, hudumu zaidi lakini ni hatari zaidi. Ikiguswa na mafuta ya taa, mafuta ya breki, sukari au maranda ya mbao inaweza kuwaka yenyewe. Ikilowa kidogo hupata joto na kutoa gesi. Iweke juu ya chaga, mbali na sakafu inayolowa wakati wa masika, na uichote kwa kijiko kikavu cha plastiki ambacho hakina kazi nyingine.

Kwenye stoo za mabwawa ya kuogelea kuna kosa moja linaloweza kuua: klorini na asidi ya haidrokloriki kuwekwa rafu moja. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Hata aina mbili za klorini hazichanganywi. Unga wa kawaida na vile vidonge vinavyoyeyuka polepole vikikutana vinaweza kulipuka. Weka asidi chumba kingine kabisa. Ukisikia harufu kali, toka, elekea upande upepo unakotoka na panda sehemu ya juu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito na hutambaa chini. Kisha piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kwa watengeneza sabuni: kostiki soda hufyonza unyevu wa hewa, ikageuka maji na kupungua nguvu, na ndiyo maana sabuni ya mfuko uliokaa wazi wiki nzima haishiki. Mara ukifungua mfuko, hamishia iliyobaki kwenye ndoo ya plastiki nzito yenye mfuniko unaobana. Usitumie sufuria ya alumini, kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Wakati wa kuchanganya, tia kostiki kwenye maji kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya kostiki yatachemka ghafla na kukurukia usoni.

Fundi betri naye ajue kwamba maji ya kisima cha pwani, hata yakiwa maangavu, yana chumvi inayoharibu sahani za betri. Maji ya betri yawe yale yaliyotoneshwa, na yakae kwenye chupa yake.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kila mzazi alisikie. Usiweke kemikali kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Usiiweke hata kwa saa moja, hata ukiwa umeandika. Mtoto wa miaka mitatu hasomi, anaona chupa ya soda. Kostiki huunguza koo na umio, na aliyepona anaweza kuishi na umio uliosinyaa, asimeze chakula vizuri. Ikitokea mtu ameimeza, usimtapishe, kwa sababu itaunguza mara ya pili ikirudi. Usimpe ndimu wala siki. Msukutue mdomo kwa maji, mkimbize hospitali, na beba chombo kilichokuwa na kemikali ili daktari akione. Ikiingia jichoni au kwenye ngozi, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo uende hospitali.

Kwa usafiri, dumu la asidi halipandi daladala wala halifungwi nyuma ya bodaboda pamoja na mboga. Lisimame wima ndani ya ndoo au beseni litakalopokea likivuja, likiwa na lebo yake ya asili, na klorini isipakiwe gari moja na asidi. Anayeuza, kuhifadhi au kusafirisha kemikali kibiashara anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003. Nunua kwa aliyesajiliwa, na udai karatasi ya maelezo ya usalama. Leo jioni, kabla hujafunga duka au stoo, zikague chupa zote zisizo na lebo, na kila usiyoijua iweke mbali na watoto hadi mtaalamu aitambue.