Chakula Kikavu cha Kilimo cha Asili: Usalama Wake Kuanzia Shambani hadi Mezani

Utangulizi

Wakati wa kiangazi, kaya nyingi za Tanzania huishi kwa chakula kilichokaushwa. Katika mkoa wa Dodoma ugali huliwa kwa mlenda mkavu. Usukumani hutunzwa michembe na matobolwa ya viazi vitamu. Pwani na kusini hutwangwa makopa ya muhogo. Na karibu kila mahali kuna akiba ya mahindi, kunde na karanga. Sehemu kubwa ya mazao hayo hulimwa kwa jembe la mkono, bila mbolea za viwandani na bila viuatilifu. Siku hizi mazao hayohayo huuzwa mijini kwa jina la "chakula cha asili", na wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na saratani huwauliza watoa huduma iwapo wakila hicho watapona au watakuwa salama zaidi.

Swali hilo halijibiwi kwa "ndiyo" au "hapana". Chakula kilicholimwa bila kemikali kinaweza kuwa bora sana, na kinaweza pia kuua. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Sumu iliyowaua haikutoka kiwandani. Ilitengenezwa na kuvu ndani ya chakula chenyewe.

Baada ya kusoma makala hii, msomaji aweze:

1. kueleza faida na mipaka ya kilimo kisichotumia kemikali;
2. kutaja hatari kuu tatu za chakula kilichokaushwa vibaya;
3. kukausha na kuhifadhi nafaka, mboga na muhogo kwa njia salama;
4. kumshauri mgonjwa kulingana na ugonjwa wake.

Kilimo cha asili ni nini?

Mkulima wa Kijapani Masanobu Fukuoka (1913–2008) ndiye aliyelifanya jina la "kilimo cha asili" lijulikane duniani. Aliweka kanuni nne: kutolima kwa kupindua udongo, kutotumia mbolea za viwandani wala mboji iliyotayarishwa, kutopalilia kwa jembe au kwa dawa, na kutotegemea viuatilifu. Hata hivyo, wazo la kuuacha udongo ujilishe wenyewe si geni kwetu. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa ngoro kwa zaidi ya miaka mia moja: nyasi hukatwa, hupangwa kwa miraba, kisha hufunikwa kwa udongo na kuacha mashimo katikati. Nyasi huoza na kuwa mbolea, nayo mashimo huzuia maji ya mvua yasiporomoshe udongo mlimani. Katika Dodoma yenye mvua haba, wakulima wa Chololo huchimba vishimo vidogo vya kupandia vinavyokusanya maji na samadi karibu na mzizi.

Kwa upande wa afya, anayenufaika kwanza ni mkulima mwenyewe. Mtu anayenyunyiza dawa bila glavu wala barakoa hupata kiasi kikubwa cha sumu kuliko mlaji wa mazao. Kuacha viuatilifu visivyo vya lazima huiondoa hatari hiyo, na pia humwepusha mlaji na mabaki ya dawa zilizochanganywa na nafaka ghalani pasipo kufuata vipimo.

Lakini kutotumia kemikali si sawa na kuliacha shamba lijiendee. Mmea uliokauka kwa kiu au uliotobolewa na wadudu ni mlango uliofunguliwa kwa kuvu.

Hatari ya kwanza: sumukuvu

Sumukuvu inayosumbua zaidi katika mahindi na karanga huitwa aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu wa jamii ya *Aspergillus*, hasa *A. flavus* na *A. parasiticus*, wanaoishi kwenye udongo na kustawi penye joto la takriban nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Miaka 44 baadaye, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kutokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Madhara yake ni ya namna mbili. Kiasi kikubwa kwa muda mfupi huharibu ini ghafla: mgonjwa hutapika, huumwa tumbo, macho huwa ya manjano, na tumbo au miguu huvimba. Kiasi kidogo kwa miaka mingi husababisha saratani ya ini. Hatari hiyo huongezeka mara nyingi zaidi kwa mtu aliyeambukizwa virusi vya homa ya ini B; kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B ni sehemu ya kinga dhidi ya madhara ya sumukuvu. Aidha, tafiti zilizofanywa Benin na Togo zimeonyesha uhusiano kati ya aflatoksini na udumavu wa watoto.

Mambo matatu yafahamike vizuri. Kwanza, sumu hii haionekani kwa macho, na punje isiyo na ukungu inaweza kuwa nayo. Pili, kupika ugali au kuchemsha uji hakuiondoi. Tatu, kuyapeleka mahindi yaliyooza kwenye pombe au kwa mifugo hakuimalizi hatari: sumu hubaki katika pombe, na ng'ombe aliyelishwa huitoa kwa umbo jingine katika maziwa.

Kinga shambani bila kemikali

Mambo yafuatayo hupunguza kuvu, na yote yanaafikiana na kilimo cha asili:

- Kupanda mapema na kuchagua mbegu zinazostahimili ukame, ili mazao yasikomae katikati ya kiu.
- Kufunika ardhi kwa mabua na nyasi ili unyevu wa udongo udumu.
- Kubadilisha mazao na kuchanganya mikunde, ili udongo uwe na rutuba na wadudu wapungue.
- Kuvuna mara mazao yanapokomaa. Mahindi yanayoachwa shambani wiki nyingi hushambuliwa na bungua na kunyeshewa.
- Kutumia kuvu dhidi ya kuvu. Bidhaa iitwayo Aflasafe hubeba *A. flavus* wasiotengeneza sumu. Hutawanywa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, kiasi cha kilo 4 kwa ekari, nao hushika nafasi ya wale wenye sumu.

Kukausha na kuhifadhi nafaka na karanga

Mazao yasianikwe juu ya udongo mtupu, kwa kuwa ndiko kuvu wanakoishi. Yaanikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja, yageuzwe mara kwa mara, na yafunikwe au kuingizwa ndani jioni kabla ya umande. Mahindi yanafaa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13, na karanga zilizobanguliwa asilimia 7 hadi 8.

Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, kisha jaza mahindi hadi theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, uache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na yaanikwe tena. Chumvi isipogandamana, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hata hivyo yaanikwe siku moja zaidi kabla ya kuhifadhiwa.

Baada ya kukausha, zao lichambuliwe. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Hasa kwa karanga, kuchambua kwa mkono hupunguza sumu kwa kiwango kikubwa. Kukoboa mahindi nako husaidia, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Punje zilizotengwa zifukiwe, wala zisiuzwe.

Kwa kuhifadhi, mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, pasipo dawa yoyote. Ilibuniwa kwa ajili ya kunde huko Kamerun, na sasa hutumika kwa mazao mengi. Lakini mfuko huo haukaushi kitu: mahindi mabichi yakifungiwa humo yataharibika.

Hatari ya pili: mboga zilizopoteza nguvu na zilizobeba vijidudu

Majani mabichi ya kunde, mchicha au matembele yana maji kiasi cha asilimia 85 hadi 90, hivyo kilo kumi zikikaushwa hubaki kama kilo moja. Madini kama chuma na kalsiamu hubaki. Kinachopotea ni vitamini C, na viini vinavyoupa mwili vitamini A, ambavyo huharibiwa na mwanga wa jua na hewa.

Kwa hiyo majani yaoshwe kwa maji safi, yapitishwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yachujwe, kisha yaanikwe kivulini penye upepo au ndani ya kaushio la jua lililofunikwa. Tabaka liwe jembamba. Jani lililokauka vyema huvunjika likifikichwa, likipinda, bado. Lihifadhiwe katika chombo kilichofungwa, mahali penye giza, na litumike kabla ya msimu mwingine. Wakati wa kupika itiwe karanga au mafuta kidogo, kwa kuwa mwili hauwezi kufyonza vizuri viini vya vitamini A pasipo mafuta.

Ikumbukwe pia kwamba kukausha hakuui bakteria, huwalaza tu. Mboga iliyolowekwa maji huwaamsha. Ipikwe mara moja hadi ichemke vizuri.

Hatari ya tatu: muhogo usioandaliwa vya kutosha

Muhogo mchungu hustahimili ukame na hauhitaji dawa, ndiyo maana hutegemewa wakati wa njaa. Una kiini kinachozaa sayanidi, na ukame hukiongeza. Kumenya na kuanika juani pekee hakuiondoi sumu hiyo ipasavyo. Inapoliwa kwa wiki kadhaa na mtu asiyepata protini, huweza kuleta konzo, yaani kupooza ghafla kwa miguu yote miwili kusikopona. Ugonjwa huo ulilipuka wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipofupisha maandalizi ya muhogo kwa sababu ya njaa.

Njia salama ni kuumenya, kuuloweka au kuuvundika kwa siku tatu au zaidi hadi ulainike, kama inavyofanyika kwa udaga, kisha kuukausha. Unga unaotiliwa shaka unaweza kuloweshwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimeta moja kwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili gesi itoke, kisha ukapikwa siku hiyohiyo. Uliwe pamoja na maharage, dagaa au samaki.

Ushauri kwa wagonjwa

- *Kisukari:* Embe, ndizi au nanasi kavu lina sukari yote ya tunda bichi katika ujazo mdogo. Vipande vichache huweza kulingana na tunda zima. Neno "asili" halipunguzi sukari.
- *Shinikizo la damu:* Dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi walowekwe, na maji yamwagwe kabla ya kupika. Wasio na chumvi ni bora zaidi.
- *Figo:* Matunda na mboga kavu hukusanya potasiamu nyingi. Mgonjwa asile kabla ya kumwuliza daktari au mtaalamu wa lishe.
- *Wanaotumia warfarini:* Majani ya kijani yana vitamini K. Si lazima kuyaacha, ila kiasi kisibadilike ghafla.
- *Watoto wanaoanza kula:* Uji wa lishe wenye mahindi na karanga huweza kuwa na sumukuvu kutoka sehemu mbili. Karanga zichambuliwe moja moja kabla ya kusagwa.

Hakuna chakula kikavu kinachochukua nafasi ya dawa alizoandikiwa mgonjwa.

Wajibu wa mtoa huduma

Wagonjwa wawili au zaidi wa kaya moja au kijiji kimoja wakija na manjano, kutapika na kuvimba tumbo, tusiishie kwenye kupima malaria na homa ya ini. Tuulize: wamekula nini wiki zilizopita, kilitoka wapi, kilikaushwa na kuhifadhiwa vipi? Sumukuvu haina kiuasumu. Tiba ni kusitisha chakula kile na kulisaidia ini na mwili. Sampuli ya chakula ihifadhiwe, na taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa mganga mkuu wa wilaya. Familia isiambiwe tu iache kula: isaidiwe kupata chakula mbadala, la sivyo njaa itawarudisha kwenye gunia lilelile.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mahindi yasiyopigwa dawa yanaweza kuwa na sumu?
2. Mama anasema ameyachemsha sana mahindi yenye ukungu, kwa hiyo ni salama. Utamjibuje?
3. Eleza namna ya kupima ukavu wa mahindi kwa chumvi.
4. Kwa nini mlenda ukaushwe kivulini?
5. Mgonjwa wa kisukari ameacha vidonge na sasa anakula matunda makavu "ya asili". Taja mambo mawili utakayomweleza kwanza.