Maji Hayajui Mpaka: Somo la Mvua, Udongo na Ujirani



Katika somo la mwezi huu tutazungumza juu ya mambo matatu ambayo watu huyatenga, lakini shambani hayatengani: mvua, udongo na jirani. Lisome polepole. Ikiwa mna kikundi chenu hapo skimuni, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.

1. Ubishi juu ya mvua

Ukienda asubuhi mahali pa kupimia maziwa utasikia ubishi huu. Mzee mmoja husema, "Mvua haikubadilika. Tangu zamani haina ahadi. Mwaka 1961 tulipata mafuriko, na mwaka 1984 tukapata ukame na njaa." Mama mmoja humjibu, "La, mzee wangu, ni sisi tuliokata miti." Naye kijana husema, "Ni moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali." Maziwa hupimwa, kila mtu hushika njia yake, na hakuna aliyeshinda.

Tuwasikilize wote watatu, maana kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli. Mzee asema kweli kwamba ukame na mafuriko vilikuwako zamani. Mama asema kweli kwamba kilima kisicho na miti hukausha chemchemi na kuachilia udongo. Na kijana naye asema kweli. Wataalamu wamepima hali ya hewa miaka mingi, wakaona kwamba dunia imepata joto zaidi ya digrii 1 tangu mwisho wa karne ya 19, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Tena hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi: kwa kila digrii 1, huongezeka kadiri ya sehemu 7 katika 100. Ndiyo sababu siku hizi mvua inayochelewa yaweza kuja kwa kishindo, na jua likitoka udongo hukauka upesi.

Tuliyaona wenyewe. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini na mashariki ya Kenya. Kisha mwisho wa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, yakaja mafuriko yaliyoua watu na kubomoa nyumba.

Moshi wa Kenya haufiki hata sehemu 1 katika 100 ya moshi wa dunia nzima. Basi yule kijana ana haki ya kulalamika. Lakini malalamiko hayazuii udongo usiende mtoni. Hiyo ni kazi ya jembe.

2. Hesabu ya ekari moja

Sasa tufanye hesabu kidogo kama shuleni. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1, hutoa lita 1 ya maji. Ekari 1 ina kama mita mraba 4,000. Kwa hiyo mvua ya milimita 25, ambayo si mvua kubwa sana, huleta kama lita 100,000 katika ekari moja. Hayo ni mapipa 500 ya lita 200. Je, mapipa hayo yameingia ardhini, au yamepita tu kama mgeni asiyekaribishwa?

Yakipita, hayaendi mikono mitupu. Ukipoteza udongo wa juu wenye unene wa milimita 1 tu, ambao jicho haliwezi kuona kwamba umepungua, umepoteza kama tani 5 katika ekari moja. Na huo ndio udongo wenye samadi yako na mbolea uliyoinunua kwa fedha.

Jaribu jambo hili. Chukua mikebe miwili iliyo sawa, ikate chini ili iwe wazi pande zote mbili. Mmoja udidimize kidogo katika udongo mtupu uliopigwa na jua, na wa pili mahali palipofunikwa na mabua na majani makavu. Mimina kikombe kimoja cha maji katika kila mkebe, kisha uangalie yapi yanazama kwanza. Utakachokiona hutakisahau.

3. Jirani wa juu na jirani wa chini

Skimu nyingi zilipimwa kwa mistari iliyonyoka, ili kila mtu apate sehemu yake. Hivyo ndivyo ilivyofanywa tangu mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962. Mstari ulionyoka ni mzuri katika ramani, lakini maji hayasomi ramani. Hufuata mteremko.

Tuseme shamba namba 40 liko juu, na namba 41 liko chini yake. Mwenye 40 achimba mtaro ili kuokoa viazi vyake, na mtaro huo unamwaga maji katika maharagwe ya mwenye 41. Mvua ya kwanza yaleta korongo jembamba. Mvua ya pili, mtoto hawezi kuliruka. Mwenye 41 akasirika na kuuziba mtaro usiku, maji yarudi juu na kubomoa zizi la namba 40. Sasa wamo kwa chifu, na mwaka mzima hawasalimiani. Wote wawili wamepoteza udongo, na wala hakuna aliyeuiba.

Njia iliyo bora ni hii. Kabla ya kuchimba, mwenye shamba la juu amwendee wa chini, wakatembee mpakani wakati mvua inanyesha, waone maji yanapita wapi. Wakubaliane njia moja ya maji yenye nyasi nene, ipite mpakani hadi mahali salama, kila mmoja akitoa hatua chache za shamba lake. Anayetoa hatua mbili leo huokoa ekari kesho.

4. Waliotutangulia Machakos

Katika miaka ya 1930 vilima vingi vya Machakos vilikuwa vitupu na vimejaa makorongo, hata maofisa wa wakati ule walidhani nchi ile inakufa. Kati ya wakati huo na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara 5, lakini matuta na miti viliongezeka pia, na mmomonyoko ukapungua. Watu walifanyaje? Walipolazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta, wengi walichukia. Walipoona faida yake, walichimba kwa hiari yao, wakisaidiana katika vikundi vyao vya mwethya. Leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Tuta lao lajulikana kwa jina la fanya juu. Mtaro huchimbwa kuzunguka kilima, upana na kina chake kama sentimita 60, na udongo hutupwa upande wa juu. Acha nafasi ya kiganja kimoja au viwili kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi. Panda nyasi za Napier juu ya tuta: zitalishika, na ng'ombe atapata chakula. Mwulize Bwana Shamba umbali kati ya tuta na tuta, maana hutegemea ukali wa mteremko.

5. Mnapoanza, anzeni kwa nani?

Kikundi kikianza kazi, wenye nguvu hupenda kuanza kwao. Nawashauri mwanze juu kabisa mwa kilima, maana maji yakivunjika pale, matuta yote ya chini ni kazi bure. Na kama pale juu akaa mama mjane au mzee asiyeweza kushika sururu, mchimbieni yeye kwanza, wala msimdai chakula cha mchana. Huo ni wema, na tena ni hesabu nzuri: shamba lake likiwa salama, yenu kumi yamesalimika.

Vilevile wekeni kipimo cha mvua. Mkebe ulionyoka pande zote, uliofungwa juu ya mti mfupi mahali pa wazi, na rula ya mtoto wa shule, vyatosha. Pimeni kila siku saa 3 asubuhi, muandike katika daftari, kisha mmwage maji. Baada ya miaka michache, mzee, mama na kijana watabishana wakiwa na daftari mkononi.

Maswali ya kujadiliana

1. Mvua ya milimita 10 huleta lita ngapi katika ekari yako?
2. Maji yatokayo shambani kwako huingia kwa nani? Umewahi kumwuliza yanamfanyia nini?
3. Ni nani aliye juu kabisa mwa kilima chenu, naye ana mtu wa kumchimbia?

Swali la tatu msilijibu kwa mdomo. Lijibuni kwa jembe, kabla mvua haijaanza.