Kwa Nini Spoku za Baiskeli Hukatika Mfululizo?

Katika wilaya ya Karagwe, na katika wilaya ya Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012, baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha safari. Pikipiki imekwisha kuchukua abiria wengi, lakini mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa na madumu ya maji bado hupandishwa vilima kwa baiskeli, aghalabu mwenyewe akiisukuma kwa miguu. Karibu mzigo wote hukaa juu ya keria, yaani juu ya gurudumu la nyuma, na ndilo ambalo spoku zake hukatika: leo moja, wiki ijayo nyingine, kisha mbili kwa siku moja. Mwenye baiskeli hulaumu mzigo. Fundi hubadilisha ile iliyokatika tu, na baada ya muda mfupi kazi huanza upya.

Lawama hiyo haitoshi. Spoku nzuri yenye unene wa milimita 2 huweza kuning'iniza zaidi ya kilo 200 kabla ya kukatika, na gurudumu la nyuma la baiskeli ya muundo wa zamani wa Kiingereza lina spoku 40. Yawezekanaje basi lishindwe na mikungu mitatu ya ndizi?

Hapana budi kwanza kufahamu namna gurudumu hilo linavyobeba. Katika gurudumu la mbao la mkokoteni, mti ulio chini husimama kama nguzo. Spoku ya baiskeli ni waya, na waya hauwezi kuwa nguzo; kwa hiyo kila spoku hukazwa mapema kati ya habu na ringi. Mzigo unapowekwa, spoku chache zilizo karibu na ardhi hupungukiwa na mkazo, hali zile za juu hazibadiliki sana. Gurudumu likizunguka, kila spoku hufika chini mara moja katika kila mzunguko: hulegea kidogo, kisha hukazika tena. Mzingo wa gurudumu la inchi 28 ni kama mita 2.2, hivyo katika kilometa 1 jambo hilo hutokea mara 450 hivi. Mkulima aendaye sokoni kilometa 10 na kurudi huibadilishia kila spoku mkazo mara 9,000 kwa siku. Kwa siku 300 ni mara 2,700,000.

Chuma kitendewacho hivyo huchoka. Mhandisi Mjerumani August Wöhler alianza kulichunguza jambo hili katika ekseli za magari ya reli miaka ya 1850, na kufikia mwaka 1870 alikuwa ameonyesha kuwa chuma chaweza kuvunjika kwa kani ndogo kuliko ile kiwezayo kuhimili mara moja, mradi kani hiyo irudiwe mara nyingi. Katika spoku, ufa mdogo huanzia kwenye kiwiko, pale ilipokunjwa kiwandani ili ishike katika tundu la habu. Ushahidi uko mkononi mwa fundi. Waya uliovutwa kwa nguvu hadi ukakatika huwa mwembamba mahali pa kukatikia. Spoku iliyochoka haiwi hivyo. Unene wake ni uleule, na uso wa mkato mara nyingi una sehemu laini, ambako ufa ulikuwa ukienea polepole, na sehemu ya kukwaruza iliyokatika mwishoni.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba spoku iliyolegea iko salama zaidi kwa kuwa haivutwi. Kwa hakika, spoku legevu ifikapo chini hupoteza mkazo wote, kiwiko chake hucheza ndani ya tundu na kukunjwa huku na huku, na nati yake hujifungua yenyewe kwa mitikisiko ya barabara ya mawe. Sehemu yake ya kazi huangukia jirani zake. Gurudumu lililokazwa vema na kwa usawa hudumu zaidi.

Mwalimu aweza kuthibitisha hayo bila maabara. Baiskeli isimamishwe, na spoku za upande mmoja wa gurudumu zipigwe kwa kidole, moja baada ya moja, kama nyuzi za zeze. Sauti nyembamba ni dalili ya mkazo mkubwa. Kwa kuwa spoku hizo zina urefu na unene mmoja, idadi ya mitetemo kwa sekunde hufuata kipeuo cha pili cha mkazo: ili mitetemo iwe maradufu, mkazo sharti uwe mara nne. Kisha mwanafunzi mzito aketi juu ya keria, na spoku iliyo chini kabisa ipigwe tena. Sauti yake itakuwa nene zaidi. Ile ya juu haitabadilika sana. Wanafunzi wengi hutarajia kinyume chake.

Kuhusu matengenezo, spoku moja ikikatika kwa kugongwa au kunaswa na kijiti, ibadilishwe hiyo moja. Zikikatika tatu kwenye kiwiko, zile zilizobaki zimezunguka idadi ileile ya mizunguko, na nyingi zimekwisha kuwa na ufa. Ni nafuu kubadilisha zote za gurudumu hilo kwa siku moja kuliko kumlipa fundi mara kumi. Urefu na unene wa spoku mpya uwe sawasawa. Baada ya kuzikaza na kuinyosha ringi, fundi azishike mbili mbili zinazokaribiana na kuzibana kwa mikono kwa nguvu, akilizunguka gurudumu lote. Jobst Brandt, aliyechapisha kitabu chake juu ya gurudumu la baiskeli mwaka 1981, alieleza kuwa kitendo hicho hupunguza mikazo iliyobaki ndani ya viwiko tangu kiwandani. Baada ya safari chache zenye mzigo, zipigwe tena kwa kidole, na zilizolegea zikazwe.

Spoku za zamani zisitupwe. Mwanafunzi mmoja akunje kipande kwa pembe ya nyuzi 90 huku na huku hadi kikatike, mwingine kwa nyuzi 45, na kila mmoja ahesabu.